Kutoa tripsini na kimotripsini kwenye kongosho la ng'ombe kwa salfeti ya amonia

Kongosho la ng'ombe limejaa vimeng'enya, lakini vile vinavyokata protini mnyama havitengenezi vikiwa tayari kwa kazi. Anavitengeneza vikiwa vimelala, kwa sura ya tripsinojeni na kimotripsinojeni, na vinaamshwa vikishamiminika kwenye duodeni, pale utumbo mwembamba unapoanzia. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya jambo hilo moja: viache vilale mpaka umalize kuvisafisha. Vikiamka mapema ndani ya ndoo, vinaanza kutafuna protini zote zilizomo, pamoja na vyenyewe kwa vyenyewe, na hakuna kiasi cha chumvi kitakachorudisha kilichopotea.

Njia yenyewe ni ya Moses Kunitz na John Northrop, waliyoiweka sawa miaka ya 1930 katika maabara za Taasisi ya Rockefeller kule Princeton, Marekani. Northrop alikuwa mmoja wa watatu waliogawana Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1946. Kwa maabara isiyo na fedha nyingi bado ni njia nzuri, kwa sababu haidai kolamu za kutenganishia protini wala pampu zake. Inadai baridi, asidi, chumvi ya aina moja, mizani, na mtu asiye na haraka.

Unachokipata mwishoni ni cha mazoezi ya maabara na utafiti. Si dawa, si cha kuchanganya kwenye chakula.

Chumvi inafanya nini

Protini inayeyuka kwa sababu imezungukwa na maji. Ayoni za salfeti ya amonia nazo zinayataka maji hayo hayo, na zinayataka zaidi. Ukizidisha chumvi, protini zinaanza kunyang'anywa maji, zinagusana, zinashikana, mwishowe zinaonekana kama ukungu na kisha mashapo. Zile zenye sehemu nyingi zisizopenda maji zinatangulia kutoka. Nyingine zinavumilia mpaka chumvi ikolee zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayotuwezesha kuzitenga.

Franz Hofmeister alionyesha tangu mwaka 1888 kwamba chumvi hazilingani nguvu katika kazi hii. Salfeti ya amonia imependwa kuliko nyingine kwa sababu inayeyuka sana hata kwenye baridi na haiharibu umbo la protini. Mashapo ukiyarudisha kwenye maji, kimeng'enya kinayeyuka kikiwa kizima.

Kiasi cha chumvi hutajwa kwa asilimia ya shibe. Maji yasiyoweza kupokea chumvi zaidi ni asilimia 100. Kutoka asilimia A kwenda asilimia B, gramu za kuongeza kwenye kila lita ya myeyusho, kwa nyuzi joto 20, ni:

533 × (B − A) ÷ (100 − 0.3 × B)

Kutoka 0 kwenda 40 unapata gramu 242. Kutoka 40 kwenda 70 unapata karibu 202. Kunitz alitumia 205, nasi tutafuata yake. Majedwali ya nyuzi 0 yana namba tofauti kidogo. Hilo halina shida mradi uchague jedwali moja na ubaki nalo, kwa sababu matokeo hayarudiki pale mtu anapokata (yaani anapoongeza chumvi na kutenga mashapo) mara ya kwanza kwa jedwali hili na mara ya pili kwa jedwali lile.

Vitu vya kuandaa

Kwa gramu 500 za kongosho lililosafishwa: asidi ya salfuriki yenye nguvu ya normali 0.25, lita mbili na nusu hivi. Salfeti ya amonia safi ya maabara, kilo moja na nusu ili ibaki ya akiba. Hidroksidi ya sodiamu. Asidi ya hidrokloriki. Kloridi ya kalsiamu. Bafa ya Tris, ya kuizuia pH isiyumbe. Unga wa kuchujia, yaani ule wa ardhi ya diatomu. Karatasi kubwa za kuchujia. Kitambaa cheupe cha pamba kilichofumwa wazi wazi. Mirija ya dayalisisi, yaani ya utando unaopitisha chumvi na kuzuia molekuli za kilodaltoni (kipimo cha ukubwa wa molekuli) 12 hadi 14 kwenda juu. Kipima pH kilichosawazishwa siku hiyo hiyo. Mashine ya kusagia nyama. Na friji ya nyuzi 4 yenye nafasi ya kuingia bika kubwa. Sentrifuji yenye kupoza ni neema, lakini kazi hufanyika bila hiyo.

Asidi ya normali 0.25 hupatikana kwa kumimina mililita 7 za asidi kali ya salfuriki kwenye maji, kisha kujaza mpaka lita moja. Asidi ndiyo inayoingia kwenye maji, polepole, ukikoroga. Kinyume chake ni kurushiwa usoni asidi inayochemka. Tengeneza jana yake ili ilale kwenye friji.

Watu huuliza kuhusu mbolea ya SA, maana nayo ni salfeti ya amonia na mfuko wake ni wa bei ya chini mno kulinganisha na chupa ya maabara. Ya shambani ina chuma na uchafu mwingine, na punje zake wakati mwingine hupakwa kitu ili zisigandane. Kwa kuwafundisha wanafunzi kuona mashapo yakitokea, unaweza kuiyeyusha kwenye maji moto, kuichuja na kuiacha ijenge fuwele upya. Kwa kimeng'enya unachotaka kukipima na kukitunza, nunua ya maabara.

Kulipata kongosho

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Kongosho likikaa saa mbili kwenye mfuko wa plastiki kwenye joto la Dar es Salaam, seli zinapasuka, tripsini kidogo inaamka, nayo inaiamsha nyingine. Nenda machinjioni na ndoo yenye mfuniko, ndani yake asidi ya baridi, na ndoo hiyo uiweke kwenye boksi la barafu. Kongosho liingie kwenye asidi ndani ya dakika chache baada ya mnyama kupasuliwa. Kwenye asidi hiyo tripsini haifanyi kazi, wakati tripsinojeni na kimotripsinojeni zinavumilia bila kudhurika.

Ongea mapema na mchinjaji, na umwonyeshe unachotaka, kwa sababu kongosho si kitu kinachoulizwa kila siku. Limejishikiza kwenye duodeni, karibu na ini na mshipa mkubwa wa damu unaoingia kwenye ini. Rangi yake ni kati ya waridi na manjano iliyofifia, na ukiligusa linaonekana limeundwa na vijidonge vidogo vidogo vilivyoshikana. Mafuta ni meupe zaidi na yanateleza. Tezi za limfu ni ngumu na laini juu bila vijidonge. Ukiletewa kitu kisicho na vijidonge, si lenyewe. Panga kuchukua ya ng'ombe watatu kwa gramu 500 safi, maana mafuta na utando vinakula uzito mwingi.

Chukua tu kutoka kwa mnyama aliyepimwa na daktari wa mifugo na nyama yake kupigwa muhuri. Brusela na kimeta havina habari na koti la maabara. Vaa glavu, na uwe mwangalifu usilitoboe duodeni: maji yake yana enterokinesi, kimeng'enya kile kile chenye kazi ya kuamsha tripsinojeni. Tone moja likidondokea kwenye ndoo linaweza kuharibu siku nzima.

Usipoweza kufanya kazi siku hiyo, gandisha vipande vyembamba kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri au baridi zaidi, na uviyeyushe ndani ya asidi baridi. Usiviyeyushie kwenye sinki.

Kusaga na kukamua

Ondoa mafuta na utando kwa mkasi, juu ya barafu. Usiharakishe: mafuta yaliyobaki leo ni ukungu usiochujika kesho. Pima uzito baada ya kusafisha, kwa sababu ujazo wote unaofuata unahesabiwa kutokana na namba hiyo.

Saga kwa mashine ya nyama iliyolala kwenye friji. Blenda inakubalika ukiipiga sekunde chache chache, lakini inapasha joto na inapiga mafuta mpaka yanakuwa kama maziwa. Changanya nyama iliyosagwa na asidi baridi ya normali 0.25 mara mbili ya uzito: gramu 500 kwa mililita 1000. Koroga, funika, acha kwenye nyuzi 4 usiku kucha.

Asubuhi chuja kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili au tatu na ukikamue. Makapi yachanganye na asidi nyingine ya ujazo sawa na uzito wa mwanzo, mililita 500, acha saa moja, chuja tena. Unganisha michujo yote miwili. Utakuwa na karibu lita moja na nusu ya kimiminika cha waridi chenye utando wa mafuta juu. Utoe utando kwa kijiko. Weka mililita 2 pembeni kwenye kichupa, uandike tarehe na ujazo wote. Bila sampuli hiyo hutaweza kusema umesafisha mara ngapi.

Mkato wa kwanza: asilimia 40

Lengo la mkato huu ni kutupa takataka. Pima ujazo kwa silinda. Kwa lita 1.5 utahitaji gramu 242 × 1.5, yaani 363. Saga chumvi kwenye kinu mpaka vidonge viishe.

Inyunyize kidogo kidogo kwa muda wa dakika 30 hadi 40, bika likiwa kwenye barafu, ukikoroga kiasi cha kuzungusha bila kutoa povu. Kila fungu liyeyuke kabla ya lingine kuingia. Mtu akimwaga chumvi yote kwa pamoja, chini ya bika shibe inapanda mpaka 80 au 90 wakati juu bado ni 10. Protini unayoitaka inaganda hapo chini pamoja na uchafu na nyingi inabaki imefungiwa humo. Povu nalo si la kupuuza: protini hujitandaza kwenye ngozi ya kila kiputo na kuharibika. Ukiona povu jeupe linapanda, punguza mwendo.

Ikishayeyuka yote, acha saa moja kwenye baridi. Mashapo ya hapa ni ya kahawia, mepesi na yenye mafuta. Mengine huelea badala ya kuzama. Kwa sababu hiyo sentrifuji mara nyingi haisaidii sana, na karatasi inaziba. Koroga ndani yake unga wa diatomu, gramu 10 kwa lita, kisha chuja kwa karatasi iliyokunjwa mikunjo mingi, kwenye friji, usiku kucha ikibidi. Mchujo unaotaka ni angavu, wa manjano hafifu. Ukiwa na ukungu, urudishe juu ya karatasi ile ile. Tabaka la unga lililokwisha kujengeka litaukamata.

Tupa mashapo. Tunza mchujo.

Mkato wa pili: asilimia 70

Pima ujazo upya. Chumvi imeongeza kimiminika, kila gramu karibu nusu mililita, kwa hiyo ile lita 1.5 sasa iko karibu na lita 1.7 ukiondoa kilichobaki kwenye karatasi. Kuhesabu kwa ujazo wa zamani ni kosa la kila wiki kwenye maabara za kufundishia.

Ongeza gramu 205 kwa kila lita ya mchujo huu, kwa mwendo ule ule wa polepole. Safari hii ukungu unaotokea ndio mali yenyewe: tripsinojeni na kimotripsinojeni pamoja. Acha mpaka kesho yake kwenye nyuzi 4. Mwenye sentrifuji azungushe kwa nguvu ya g 10,000 dakika 20 kwenye baridi. Asiye nayo aache siku mbili, mashapo yatulie chini, anyonye maji ya juu kwa mpira mwembamba, kisha achuje kilichobaki kwa faneli ya kuvutia hewa na karatasi ngumu mpaka apate keki inayobanduka kwa kisu. Keki ikiwa bado inang'aa kwa maji, endelea kuvuta. Uzito wake ndio utakaokuongoza kwenye hatua inayofuata, na keki yenye maji inadanganya.

Sasa rudia mikato yote miwili kwa ujazo mdogo. Kila gramu ya keki iyeyushe kwenye mililita 3 za maji baridi, ongeza mililita 2 za myeyusho ulioshiba wa salfeti ya amonia. Hapo uko kwenye asilimia 40 tena. Chuja ukungu wowote unaojitokeza, kisha gramu 205 kwa lita, na kukusanya keki kama awali. Ule myeyusho ulioshiba hutengenezwa kwa gramu 770 katika lita ya maji ya joto la chumbani. Zikibaki fuwele chache chini ya chupa, ujue umeshiba kweli. Wengi huruka marudio haya kuokoa siku moja. Usiruke. Fuwele za hatua ifuatayo haziji kwenye myeyusho mchafu.

Kuzitenganisha: fuwele za kimotripsinojeni

Kila gramu ya keki iyeyushe kwenye mililita 1.5 za maji na mililita 0.5 za salfeti ya amonia iliyoshiba. Rekebisha pH mpaka 5.0 kwa hidroksidi ya sodiamu, tone kwa tone, ukikoroga. Safari hii usiweke kwenye friji: acha nyuzi 20 hadi 25, umefunika. Ndani ya siku moja au mbili kimotripsinojeni inajenga fuwele ndefu kama sindano. Ukizungusha bika mbele ya taa, myeyusho wenye fuwele unameremeta kama hariri, mawimbi ya mwanga yakifuatana. Mashapo yasiyo na umbo hayafanyi hivyo, yanabaki kama maziwa. Weka tone chini ya hadubini uhakikishe.

Zisipokuja, sababu huwa mojawapo kati ya tatu: pH imepita, myeyusho ni mwepesi mno kwa sababu keki ilikuwa na maji, au hakuna cha kuanzia. Kwa hiyo ya tatu, kwangua ndani ya kioo kwa fimbo ya kioo, au dondosha fuwele chache za kazi iliyopita.

Chuja fuwele, hiyo ni kimotripsinojeni. Mchujo una tripsinojeni. Ushushe haraka mpaka pH 3 kwa asidi ya salfuriki, kwa sababu pH inavyosogea juu ndivyo tripsini yoyote iliyojificha inavyopata nafasi. Kisha ongeza salfeti ya amonia, gramu 300 hivi kwa lita, kufika asilimia 70, na ukusanye keki.

Kuondoa chumvi

Keki ya tripsinojeni iyeyushe kwenye asidi ya hidrokloriki ya milimola 1 (kwa lita, kama milimola zote humu), baridi. Mirija ya dayalisisi ichemshwe kwanza dakika 10 kwenye bikaboneti ya sodiamu ya asilimia 2 yenye EDTA, kemikali inayokamata metali, milimola 1, kisha isuuzwe vizuri. Ijaze nusu tu. Maji yataingia kufuata chumvi, na mrija uliojazwa mpaka shingoni hupasuka usiku wakati hakuna mtu. Loweka kwenye asidi ile ile ya milimola 1, ujazo mara 100, nyuzi 4, ukibadilisha mara tatu kila baada ya saa kadhaa.

Utajuaje kwamba salfeti imekwisha? Chukua tone la maji ya nje, dondosha tone la kloridi ya bariamu. Likigeuka jeupe, endelea. Likibaki angavu, simama. Bariamu ni sumu, kwa hiyo tone hilo lisirudi kwenye bika.

Jaribio hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Hatua inayofuata inaingiza kalsiamu, na kalsiamu ikikutana na salfeti inatengeneza jasi, unga mweupe unaozama chini. Mtu asiyejua hudhani kimeng'enya chake kimeganda. Kumbe anatazama plasta, na kalsiamu aliyoikusudia kulinda tripsini imeishia humo.

Kuamsha

Pima protini kwa mwanga wa nanomita 280. Tripsinojeni ya miligramu 1 kwa mililita inasoma karibu 1.4. Punguza mpaka miligramu 5 hadi 10 kwa mililita. Ongeza Tris ifike milimola 50 kwa pH 8.0 na kloridi ya kalsiamu ifike milimola 50, halafu tripsini iliyo macho, sehemu 1 kwa 100 za protini. Iache kwenye nyuzi 4 saa 12 hadi 24.

Tris ina tabia moja inayowaponza wengi: pH yake hupanda inapopozwa, karibu 0.03 kwa kila nyuzi. Bafa uliyoiweka 8.0 mezani inakuwa 8.6 ndani ya friji. Irekebishe ikiwa tayari baridi.

Kalsiamu ina kazi mbili. Inaelekeza ukataji ufanyike pale panapotakiwa, mwanzoni mwa mnyororo, badala ya kuigeuza protini kuwa kipande kisicho na kazi. Na inaikaza tripsini mpya isijile upesi. Bila kalsiamu utaona utendaji unapanda, unasimama chini kuliko ulivyotarajia, kisha unashuka.

Chota sampuli kila saa mbili au tatu. Utendaji ukiacha kupanda, maliza: shusha pH mpaka 3 kwa asidi ya hidrokloriki. Kuongeza muda baada ya hapo ni kuilisha tripsini kwa tripsini. Kimotripsinojeni huamshwa vilevile, kwa tripsini kidogo kwenye pH ya karibu 7.6.

Kupima

Kwa tripsini tumia BAPNA, kemikali ambayo tripsini huikata. Yeyusha miligramu 43.5 katika mililita 1 ya DMSO, kiyeyushi kinachochanganyika na maji, kisha ijaze mpaka mililita 100 kwa Tris milimola 50 ya pH 8.2 yenye kloridi ya kalsiamu milimola 20, ukikoroga. Ukimimina BAPNA moja kwa moja kwenye maji haitayeyuka. Ikikatwa inatoa rangi ya manjano inayosomwa kwenye nanomita 410.

Mfano: mililita 2.9 za BAPNA na mililita 0.1 ya kimeng'enya, usomaji unapanda 0.088 kwa dakika. Zidisha kwa 3, yaani mililita zote, gawanya kwa 8.8, usomaji wa milimola 1 ya rangi hiyo, unapata mikromoli 0.03 kwa dakika. Hiyo ni ya mililita 0.1, kwa hiyo mililita moja ina uniti 0.3 (uniti ni mikromoli 1 kwa dakika). Gawanya kwa miligramu za protini katika mililita hiyo, linganisha na sampuli ya mwanzo, utajua umesafisha mara ngapi.

Sampuli za kabla ya kuamsha zitasoma karibu sifuri, na ndivyo inavyotakiwa. Ukitaka kujua zina kiasi gani, amsha sehemu ndogo pembeni kisha upime. Sampuli ya kwanza kabisa ikisoma juu bila kuamshwa, kongosho lilichelewa kufika kwenye asidi.

Kupima protini kwenye sampuli zenye salfeti ya amonia kunahitaji uangalifu. Njia ya Lowry na ya biureti zinavurugwa na amonia. Bradford inavumilia zaidi, nayo husomwa kwenye nanomita 595.

Usishtuke mavuno yakisoma zaidi ya asilimia 100 baada ya hatua fulani. Kongosho la ng'ombe lina kizuizi chake cha tripsini, protini ndogo ya kilodaltoni 6.5, na kikiondoka tripsini iliyokuwa imefungwa inaonekana.

Matatizo ya mara kwa mara

Asilimia 70 haitoi kitu: angalia chumvi kama ilikuwa imenyonya unyevu. Chupa iliyoachwa wazi msimu wa masika inapimwa uzito pamoja na maji yake, na gramu 205 unazodhani umeweka si 205. Ikaushe kwenye oveni ya nyuzi 60 kwanza.

Keki haiyeyuki ikirudishwa kwenye maji: imeharibika, mara nyingi kwa povu au kwa kukaushwa kupita kiasi kwenye faneli. Chuja, endelea na kilichoyeyuka, usiipashe joto kuilazimisha.

Jeli ya akrilamidi, ile ya kupanga protini kwa ukubwa, inaonyesha vipande vingi vidogo chini ya kilodaltoni 24, ingawa utendaji ni mzuri: huenda tripsini ilikuwa inajikata ndani ya kichupa chako cha sampuli. Tia asidi kwanza, kisha ichemshe papo hapo pamoja na rangi ya jeli.

Kwa mwenye matumbo ya sangara kutoka viwanda vya minofu vya Mwanza au Kisumu, usibebe njia hii ilivyo. Tripsini za samaki hupenda pH ya juu na nyingi huharibika kwenye asidi, kinyume cha ng'ombe. Kamulia kwenye Tris ya pH 8 yenye kalsiamu milimola 10, ukatie kati ya asilimia 30 na 70, na ufanye haraka, kwa sababu huna tena asidi ya kuvilaza. Mafuta mengi ya samaki yaondolewe kwanza kwa asetoni ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Asetoni hiyo isihifadhiwe kwenye friji ya nyumbani, kwani cheche ya swichi yake inatosha kuilipua.

Kutunza na kutupa

Tripsini hukaa vizuri kwenye asidi ya hidrokloriki ya milimola 1 yenye kalsiamu milimola 20, imegandishwa kwa vichupa vidogo vya matumizi ya mara moja. Keki ya tripsinojeni hukaa kwenye friji ndani ya salfeti ya amonia kwa pH 3. Ukiikausha iwe unga, fungua chupa mahali pasipo upepo na uvae barakoa: vumbi la tripsini likivutwa mara kwa mara huleta pumu.

Mabaki ya nyama yachomwe au yafukiwe kwa utaratibu wa taka za mifugo. Majitaka yenye salfeti ya amonia yasawazishwe mpaka pH 7, si zaidi, maana ukipita 8 chumba kinajaa amonia. Kwenye ndoo hizo usitie jiki wala dawa nyingine ya klorini kwa nia ya kuua vijidudu. Klorini na amonia hutoa kloramini, gesi inayounguza mapafu. Suuza vyombo kwa maji mengi kwanza, ndipo uvitie dawa.